Daftari, wenzako, msimamizi au kiti cha pili? Njia nne za kujijua kwa anayeanza kazi ya kusikiliza watu Goma

Papa mmoja (kwetu ni baba mtu mzima) wa Buhene, pembezoni mwa Goma, mashariki ya Kongo, alikuja kuniona miezi michache baada ya volkano ya Nyiragongo kumwaga lava tarehe 22 Mei 2021. Nyumba yake ilikuwa chini ya mawe. Akaanza kunieleza alivyorudi kutafuta hata bati moja, akakuta kiwanja cheusi kinachofuka moshi, asijue tena mlango ulikuwa upande gani. Kabla hajamaliza nikamkatiza: "Jikaze, papa. Hata sisi mwaka 2002 nyumba yetu iliungua, na leo tuko hapa." Akaniangalia kidogo. "Ndiyo, binti yangu. Tutafanya je?" Akasimama, akanishukuru, akatoka. Hakurudi tena. Nimebadilisha mambo kadhaa ya habari yake ili asitambulike, lakini maneno yangu sikuyabadilisha.

Wakati ule nilikuwa na cheti cha mafunzo. Nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu kwamba msikilizaji hamkatizi mtu wala haleti habari zake mwenyewe. Nilijua, na sikufanya. Tangu siku hiyo naamini kwamba kinachomwangusha anayeanza kazi hii, mara nyingi si ujuzi alioukosa. Ni kitu kilicho ndani yake ambacho hajakiona.

Vijana wanaoanza kazi hii, wale ambao mjini tunawaita APS, yaani wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, huniita yaya, dada mkubwa, na kuniuliza baada ya mafunzo: "Yaya, sasa nianzie wapi?" Hawaulizi kitabu gani wasome. Wanauliza namna ya kujijua, na wamekwama kati ya njia nne zinazopatikana hapa Goma: kuandika daftari, kukutana na wenzao, kuwa na msimamizi, au kwenda wao wenyewe kusikilizwa. Zote nimezipitia. Kila moja imenipa kitu ambacho nyingine haikunipa, na kila moja imenikwamisha mahali. Kwa kuwa ni wachache wanaoweza kuanza zote kwa pamoja, nimeona niziweke bega kwa bega.

Ujuzi unaohitaji kunolewa

Ujuzi wa msingi ni mchache kuliko watu wanavyodhani. Kunyamaza. Kumrudishia mtu alichosema ili aone kwamba kimefika. Kuuliza maswali yasiyofungwa na "ndiyo" au "hapana". Kutaja hisia kwa jina lake. Kushika siri, na kushika mipaka: saa, mahali, unachoweza na usichoweza. Mafunzo ya wiki moja yanatosha kuyajua haya yote kichwani.

Neno letu lenyewe linatupoteza kidogo. Mshauri ni mtoa shauri, kwa hiyo mtu akikaa mbele yetu tunaona deni: lazima atoke na shauri mkononi. Lakini mama zetu wanajua kitu kingine. Angalia msibani: kuna mama anayeingia, anakaa chini kwenye mkeka, anakaa saa nzima bila neno, na mfiwa akiulizwa baadaye nani alimsaidia, humtaja huyo. Kunyamaza huko si kitu kigeni kwetu. Tunakipoteza tukivaa gilé, kile kizibao cha kazi.

Mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers aliandika mwaka 1957 kuhusu masharti yanayomfanya mtu abadilike mbele ya msaidizi. Matatu kati yake yanamhusu msaidizi mwenyewe: amwelewe mtu kana kwamba yuko ndani ya hali yake, ampokee bila kumwekea sharti, na awe mkweli, yaani anachokionyesha kisipingane na kilicho moyoni. Mawili ya kwanza tunayarudiarudia sana. La tatu ndilo gumu, kwa sababu huwezi kuwa mkweli juu ya hisia ambayo hujui kama unayo. Miaka miwili kabla yake, 1955, wanasaikolojia Joseph Luft na Harry Ingham walichora dirisha la vioo vinne ambalo hadi leo linaitwa Johari, kutokana na majina yao mawili: yale ambayo mimi na wengine tunayaona, yale ninayoyaficha, yale ambayo wengine wanayaona na mimi siyaoni, na yale ambayo hakuna anayeyaona. Waswahili walikwisha kusema kuhusu kioo kile cha tatu: nyani haoni kundule.

Vigezo vyangu

Kwa kila njia nitajibu mambo yaleyale. Inakuonyesha nini? Inanoa ujuzi upi? Siri inalindwa vipi? Inagharimu nini, kwa pesa na kwa muda? Inakwama wapi? Halafu nitasema inamfaa nani.

Kigezo cha siri nimekipa uzito mkubwa kuliko vitabu vingi vinavyokipa. Goma ni mji ambamo watu wengi wanaishi katika nyumba za mbao juu ya mawe ya lava, na jirani husikia hata kikohozi chako. Mtu unayemsikiliza Ndosho asubuhi, jioni unaweza kumkuta harusini Himbi, kumbe ni shemeji wa mwenzako wa ofisi. Na katika mji uliopita katika vita, jina likianguka mahali pasipo pake linaweza kumletea mtu hatari.

Daftari

*Inakuonyesha nini.* Kile unachokificha, na mazoea yanayojirudia. Mimi hujiuliza maswali matatu baada ya kila siku ya kazi: Mwili wangu ulifanya nini nikimsikiliza? Neno gani lilinitoka bila kulipanga? Nilitamani mtu huyu anione vipi? Hili la tatu ndilo linaloniuma mara nyingi. Jioni ile ya papa wa Buhene niliandika maneno matatu tu: "Leo niliongea sana." Daftari lilikuwa limeona. Halikuweza kuniambia kwa nini.

*Ujuzi.* Kutaja hisia. Siku hizi mjini kila kitu kimekuwa trauma: mtoto amekataa kula, trauma, mume amekasirika, trauma. Msikilizaji mwenye neno moja husikia kitu kimoja. Ukijiandika wewe mwenyewe kwa uaminifu utalazimika kuchagua: ilikuwa hasira au haya? Huzuni au kinyongo? Uchungu, majuto, wivu, woga, simanzi? Kiswahili kina maneno haya yote, na wazee bado wanayatumia. Baada ya miezi kadhaa ya kuandika nilianza kuyasikia mdomoni mwa watu, wakati zamani yalikuwa yananipita.

*Siri.* Usiandike jina, wala mtaa, wala kazi ya mtu, wala idadi ya watoto wake. Andika juu yako. Tarehe 27 Mei 2021 sehemu kubwa ya mji ilipoamriwa kuhama, watu waliondoka na kile mkono ulichokamata, wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka mpaka. Jiulize daftari lako lingebaki wapi siku kama ile, na nani angelifungua.

*Gharama na muda.* Bei ya daftari na kalamu, na dakika kumi au kumi na tano. Mwanasaikolojia Mmarekani James Pennebaker, katika utafiti wake wa 1986, aliwapa wanafunzi dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuandika juu ya mambo mazito ya maisha yao. Walioandika matukio pamoja na hisia walijisikia vibaya zaidi siku zile, lakini miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache zaidi. Kwa hiyo ukifunga daftari ukiwa na uzito moyoni usifikiri umekosea. Usiandike tu muda mfupi kabla ya kulala.

*Inakwama wapi.* Ni kioo unachokishika wewe mwenyewe, na unakielekeza unakotaka. Nimeona daftari la mwenzangu likageuka mahakama: kila ukurasa anajihukumu. Jingine likawa la kujisifu.

Linamfaa aliye peke yake, aliye mbali na wenzake, na yule ambaye bado anaona haya kusema mbele ya watu.

Kundi la wenzako

Michael Balint, daktari aliyezaliwa Budapest, alianza katika miaka ya 1950 huko London kuwakutanisha madaktari wa kawaida wazungumzie wagonjwa waliowasumbua moyo. Hawakuja kujadili dawa. Walizungumza juu ya kile kilichotokea kati ya daktari na mgonjwa. Mtindo wake unawezekana hapa bila shida yoyote, kwa sababu Goma inajua kushika vikundi. Mama wa AVEC, vikundi vya kuweka na kukopa pesa, hukutana siku ileile, saa ileile, kila mmoja na hisa zake, na anayechelewa analipa faini. Chukua nidhamu ile, toa pesa, weka kazi ya kusikiliza. Watu wanne hadi sita wanatosha. Mmoja anaeleza mazungumzo yaliyomkaa rohoni, halafu ananyamaza, wengine wanasema walichokihisi wakimsikia. Hakuna anayeruhusiwa kuanza na "ungefanya hivi".

*Inakuonyesha nini.* Sura yako, sauti yako, tabia zako ndogo. Wenzangu ndio walioniambia kwamba mtu akianza kulia, mimi hushika simu. Sikujua! Mkono ulikuwa unakwenda peke yake.

*Ujuzi.* Hapa ndipo mahali pazuri pa mazoezi ya kuigiza: mmoja anakuwa mteja, mwingine msikilizaji, wa tatu anahesabu. Anahesabu maswali, anahesabu mara ngapi msikilizaji ameingia kati, anapima ukimya. Rogers aliwashangaza wengi katika miaka ya 1940 alipoanza kurekodi mazungumzo ya ushauri ili wasaidizi wajisikie wenyewe. Leo simu ya mfukoni inatosha, ila rekodini mazoezi yenu tu, kamwe msimrekodi mtu aliyekuja kusikilizwa, na mkimaliza futeni. Mara ya kwanza nilipojisikia nilikuwa nasema "ndiyo, ndiyo, ndiyo" haraka kama mtu anayemfukuza mwenzake amalize.

*Siri.* Ni mahali dhaifu pa njia hii. Masikio matano ni midomo mitano. Badilisheni umri, mtaa, hata jinsia ya mtu mnayemzungumzia, na mmoja akishuku kwamba anamjua, aseme mara moja ili habari ikomeshwe. Kutaneni mahali penye ukuta.

*Gharama na muda.* Nauli ya pikipiki na nusu siku kila wiki mbili. Muda ndio bei yake halisi.

*Inakwama wapi.* Kuna hatari mnazozijua: kusengenya, na mkubwa kusema kwanza hadi wadogo wanakubali tu. Hii ya pili ina dawa: mdogo kabisa aanze. Lakini kuna hatari nyingine iliyonichukua muda kuiona. Nilipowaeleza wenzangu habari ya papa wa Buhene, wote walisema: "Ulimtia moyo vizuri." Wote! Kwa nini? Kwa sababu karibu kila mmoja wetu mezani alikuwa amepoteza kitu mwaka 2002 au 2021, na kila mmoja alikuwa amepona kwa neno lilelile: jikaze. Kundi la watu wa mji mmoja lina upofu wa mji huo. Ndiyo maana napenda kundi lenye watu wa rika, dini na jamii tofauti, na ikiwezekana mmoja aliyekulia mbali na volkano.

Linawafaa wanaojitolea parokiani au kanisani, walimu, wauguzi, na kila aliyeajiriwa mahali pasipo na msimamizi. Halimfai sana mtu ambaye wakati huu ana jeraha bichi: atalifungua mbele ya wenzake wa kazi, kesho yake aone haya kuwaangalia.

Msimamizi

Kwanza nitenganishe watu wawili wanaoitwa kwa jina moja. Yuko anayekuja na karatasi: umewaona watu wangapi, sahihi ziko wapi, ripoti ya mwezi imekamilika? Kazi yake ina maana, lakini si huyu ninayemsema. Msimamizi ninayemsema ni mtu mwenye uzoefu mrefu wa kusikiliza, anayekaa nawe kwa utaratibu, mkaangalia pamoja kilichotokea kati yako na mtu uliyemsaidia. Mahali nilipowahi kufanya kazi, mtu mmoja alikuwa anafanya zote mbili na pia ndiye aliyependekeza nani aongezewe mkataba. Hakuna aliyewahi kumwambia, "Jana niliogopa." Nani angethubutu?

*Inakuonyesha nini.* Kile ambacho wewe na wenzako hamkioni, hasa zile hisia za zamani zinazohamia kwa mtu mpya. Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi kwa mazungumzo, alizitaja upande wa mganga, yaani anayetibu, mwaka 1910, akiziona kama kizuizi ambacho mganga lazima akitambue na kukishinda. Miaka arobaini baadaye, 1950, Paula Heimann, aliyefuata njia hiyohiyo ya tiba, akaligeuza jambo: alisema hisia anazozipata mganga mbele ya mgonjwa ni chombo pia, zinaweza kumwonyesha kinachoendelea ndani ya mgonjwa. Maneno haya mawili yalikuwa mbali na mimi hadi msimamizi wangu aliponisikiliza nikisimulia habari ya papa wa Buhene. Hakusema nilikosea. Alinyamaza, halafu akauliza: "Mle chumbani, nyumba ya nani ilikuwa inaungua?"

Sikuweza kujibu siku ile. Nilijua jibu.

*Ujuzi.* Karibu wote, na hasa ule wa kurudisha maneno. Baada ya swali lile tuliigiza tena: yeye akawa papa, mimi nikawa mimi. Mara ya kwanza nikamwambia pole. Mara ya pili nikamuuliza kama amepata msaada wa mabati. Mara ya tatu akanisimamisha. "Yeye alikwambia nini hasa?" Nikakumbuka. Nikamwambia: "Ulifika, hukujua tena mlango ulikuwa upande gani." Nikanyamaza. Msimamizi, aliyekuwa anaigiza tu, akavuta pumzi ndefu, macho yakamlegea. Sentensi moja, yake mwenyewe, imerudishwa mkononi mwake. Hili nilikuwa nimelisoma mara kumi. Mikono yangu ililijua siku ile.

Tuna ushahidi wa nguvu ya usimamizi kutoka hapahapa kwetu. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, kati ya wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Tiba ya vikundi iliongozwa na wanawake Wakongo wasio na shahada, wenye miaka michache ya sekondari, waliopewa mafunzo na kufuatiliwa na wasimamizi kwa utaratibu. Waliopitia vikundi vile walipungukiwa huzuni na hofu kuliko waliopata usaidizi wa mmoja mmoja. Kwa anayedhani bila chuo kikuu hawezi, habari ndiyo hiyo. Na kwa anayedhani mafunzo peke yake yanatosha, asome tena sehemu ya wasimamizi.

*Siri.* Nzuri, mradi uulize kabla ya kuanza: utakalomwambia linaishia kwake, au linapanda kwa mkubwa? Kuna mambo mawili tu ambayo si ya kuficha: mtu akiwa katika hatari, au wewe ukiwa umemdhuru mtu.

*Gharama na muda.* Saa moja au mbili kwa mwezi. Pesa ndiyo tatizo. Shirika linalipa wakati mradi upo, na miradi ya Goma inaisha. Msimamizi wa kumlipa mwenyewe ni ghali kwa kijana, ingawa watatu au wanne wanaweza kuchangiana mmoja. Vita vilipofika mjini Januari 2025, mimi na msimamizi wangu tulibakiwa na simu tu. Tulikuwa tunatumiana ujumbe wa sauti mtandao ukipatikana. Ulikuwa usimamizi wa vipande, lakini ulinishika.

*Inakwama wapi.* Kwanza: kumtegemea hadi husemi neno na mteja bila kuwaza yeye angesema nini. Pili: msimamizi asiyejua lugha ya mahali. Niliwahi kumweleza mwingine, mgeni, jinsi papa alivyosema "Tutafanya je?" Akafurahi, aliona ni dalili ya mtu aliyekubali hali. Sisi tunajua kwamba neno lile, kwa sauti ile, ni mlango unaofungwa kwa heshima.

Anamfaa kila anayesikiliza watu wengi kila siku, na yeyote anayeshughulika na ukatili, watoto, au watu waliopoteza ndugu vitani. Kwa hawa, mimi sioni kama ni anasa.

Kiti cha pili

Chumba cha kusikilizia kina viti viwili. Njia ya nne ni kwenda kukaa kwenye kile kingine: kumtafuta mwanasaikolojia, uwe wewe unayesikilizwa. Goma kuna watu wa kazi hiyo hospitalini, na kuna kituo cha afya ya akili cha Mabradha wa Upendo, Tulizo Letu, ambacho jina lake nalipenda kila nikilitamka. Padri, mchungaji au mtawa aliyefundishwa kusikiliza anaweza pia, mradi nyote wawili mjue kwamba hamkuja kwa toba.

*Inakuonyesha nini.* Kioo cha nne, kile kisichoonwa na yeyote. Nilikwenda nikidhani nitazungumza juu ya uchovu wa kazi. Mkutano wa tatu nilijikuta naeleza cherehani ya mama yangu, iliyobaki ndani ya nyumba Januari 2002 lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani. Nilikuwa sijawahi kuililia. Kila mtu alikuwa anasema tushukuru tuko hai, na ni kweli, tulikuwa hai. Miaka karibu ishirini baadaye nikamfunga mdomo mzee wa watu ili asinifikishe mbele ya cherehani ile.

*Ujuzi.* Si ujuzi wa mikono. Ni kujua upande wa pili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilijifunza jinsi dakika tano za kwanza zilivyo ndefu. Nilijifunza kwamba swali la "kwa nini" linasikika kama shtaka hata likiulizwa kwa upole, na kwamba msikilizaji akitazama saa, unaona, hata akifanya kwa siri. Baada ya hapo nilihamisha saa yangu ukutani, nyuma ya kiti cha mgeni.

*Siri.* Anayekusikiliza amefungwa na siri ya kazi. Shida ni kwamba watu wa fani hii wanajuana wote. Chagua asiye mkubwa wako, wala mwenzako, wala ndugu. Na kuna hofu ya kuonwa ukiingia: watasema amekuwa kichaa. Nakuelewa. Watu unaowasihi waje kwako wana hofu hiyohiyo.

*Gharama na muda.* Kulingana na mahali, kuanzia bei ndogo ya hospitali hadi ile inayomshinda mfanyakazi wa kawaida. Wanaofuata njia ya Freud walilifanya jambo hili kuwa sharti la mafunzo tangu miaka ya 1920, na huchukua miaka. Kwetu mikutano sita au minane inaweza kufungua mengi.

*Inakwama wapi.* Unaweza kujijua sana na bado ukauliza maswali mabaya. Kiti hiki hakikufundishi kazi. Na kina wakati wake: mtu aliyehamishwa jana, asiyejua watoto watakula nini, hahitaji kufukua ya 2002. Anahitaji kwanza asimame.

Kinamfaa mwenye msiba ambao hajaulilia, mwenye ndoto zinazorudi, na yule anayegundua kwamba kuna aina ya mtu ambayo hawezi kuivumilia: walevi, askari, mama wenye sauti kubwa. Mganga hajigangi.

Ukiwa katika hali yako

*Umemaliza mafunzo, huna kazi wala pesa.* Anza na daftari leo jioni, maswali matatu, mwezi mzima. Halafu tafuta mwenzako mmoja, si sita, mfanye mazoezi ya kuigiza Jumamosi. Msijishughulishe bado na vitabu vya nadharia.

*Umeajiriwa katika mradi na unaona watu wengi kila siku.* Omba msimamizi asiyekuwa mkubwa wako. Kama shirika lina mtu wa karatasi tu, mwombeni nyote kwa pamoja, kwa barua. Ombi la mmoja hupotea. Mkikataliwa, anzisheni kundi bila kungoja, na mkumbuke ule upofu wa mji mmoja.

*Unajitolea kanisani, msikitini au shuleni.* Kundi ndilo lililo karibu nawe. Wekeni sheria ya siri kabla ya chai.

*Wewe mwenyewe umefiwa au umepoteza nyumba karibuni, na huwezi kuacha kazi kwa sababu ndiyo inayolisha watoto.* Kiti cha pili, hata mara moja kwa mwezi, na mwambie anayepanga kazi asikupe kwa sasa visa vinavyofanana na chako. Hilo si woga. Kama hawezi kukubali, mwambie mwenzako akae nawe chumbani.

*Uko safarini, umekimbia, hujui utalala wapi wiki ijayo.* Acha daftari kabisa. Baki na sauti ya mtu mmoja unayemwamini kwenye simu, dakika kumi, bila majina.

*Mtu aliye mbele yako anasema anataka kufa.* Hapo usichague kati ya njia hizi nne, wala usingoje siku ya kundi. Muulize waziwazi kama ana mpango na ana kitu cha kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake, ita ndugu anayemkubali, mfikisheni kwa daktari au kituo cha afya ya akili siku hiyohiyo. Ukisharudi nyumbani, usiku uwe wa namna gani, mpigie mtu.